Maskini wa Mwalimu

Jumapili, 4 Ramadhani

Nimekula saa saba mchana. Chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Chapati moja na mchicha. Nimekula kama mwizi, na humu ndani naishi peke yangu. Sasa namficha nani?

Rehema amepiga simu kutoka Bondo. Mama, umekula? Binti niliyemzaa ananisimamia kama nilivyokuwa nikiwasimamia watoto wa darasa la tatu. Nimekula, nikamwambia, nikakata simu. Daktari naye ameapa nikifunga tena nisirudi kwake. Sukari hii imeninyang'anya Ramadhani yangu.

Alasiri nimepika wali na maharagwe ya nazi. Nikapakua sahani ya bati, ile yenye maua mekundu, nikaipitisha kwenye upenyo wa uzio kwa Mama Akinyi. Nikamwambia kama jana: nimepika kwa mazoea, chakula kimezidi. Uongo wa nne kwa siku nne. Na mwezi wenyewe mtukufu.

Jumatatu, 5 Ramadhani

Niandike nia yangu hapa, maana nia isiyoandikwa huteleza. Mgonjwa asiyetarajia kupona hafungi, hutoa fidia. Kila siku asiyofunga amlishe maskini mmoja. Siku thelathini, milo thelathini. Mimi nimemchagua Mama Akinyi.

Nimemchagua kwa sababu yuko karibu na magoti yangu yanauma. Huo ndio ukweli. Na ukweli mwingine ni kwamba tangu avunjike nyonga kwenye matope ya soko, hakaangi tena samaki pale barabarani, na kuna siku jiko lake haliwashwi. Binti yake Akinyi hutuma kidogo kutoka Nakuru anapopata. Naona. Uzio wa mabati hauzuii macho, na mtaani hapa Manyatta hakuna siri ya jikoni.

Sijamwambia ni fidia. Nikimwambia atakataa. Yule mama ana kiburi kuliko mimi.

Sahani imerudi asubuhi na fungu la osuga, mboga ya majani ya kwao, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Miaka thelathini tumekaa jirani na hajawahi kunirudishia sahani tupu. Anasema kwao sahani tupu ni matusi. Kwetu pia.

Alhamisi, 8 Ramadhani

Sahani imerudi na mayai mawili. Mayai mawili! Ana kuku mmoja tu, tena kuku mwenyewe mzee. Nimeyala kwa uchungu. Yalikuwa matamu.

Nimekumbuka mwaka jana, Ramadhani kama hii, saa kumi alasiri. Nilianguka jikoni nimefunga, sukari imeshuka, siwezi hata kuita. Yeye aliona moshi wa mboga inayoungua, akaja kwa mkongojo wake, akausukuma mlango hadi komeo likang'oka, akanitia uji wa sukari mdomoni kwa kijiko huku akinigombeza kwa Kijaluo. Nilipofumbua macho nilimwambia, umenivunjia saumu. Akasema, "Mungu wako anapenda mwalimu hai ama mwalimu maiti? Kunywa."

Komeo halijatengenezwa hadi leo. Sina haraka nalo.

Ijumaa, 9 Ramadhani

Nimempelekea mchuzi wa nyama. Umerudi kabla sijafika mlangoni mwangu. Sauti juu ya mabati: "Mwalimu! Leo Ijumaa! Ni Kwaresima! Unataka niende motoni?" Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba na yeye yuko kwenye mfungo wake. Mtaa mzima umecheka.

Nikampelekea maharagwe. Mkatoliki huyu na masharti yake. Yaani yeye anafunga, mimi sifungi. Dunia imepinduka.

Jumanne, 13 Ramadhani

Nimekutana na Sheikh Idi nikitoka dukani. Nilimfundisha darasa la nne. Hakuwa anatulia kitini hata dakika moja. Leo anasimamisha msikiti mzima kwa sauti moja. Akaniuliza kwa upole, Mwalimu, fidia yako inaendaje, maskini umempata? Nikasema nimempata, Mama Akinyi, jirani yangu. Nikasema kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyemaliza kazi ya nyumbani kabla ya wenzake. Akaitikia, akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika. Sikuuliza anaandika nini.

Sahani imerudi na karanga. Za kukaanga na chumvi, anajua nazipenda hivyo.

Ijumaa, 16 Ramadhani

Sijui niandike vipi. Mikono bado ina unga.

Baada ya swala ya Ijumaa vijana wa kamati ya chakula wamekuja mtaani. Watatu, vizibao vya njano, katoni kichwani. Msikiti unagawa vyakula vya Ramadhani kwa wasio na kitu: mchele, unga, mafuta, tende. Kazi nzuri, Mungu awalipe. Wakapita mlango hadi mlango wakiuliza kwa sauti, "Maskini wa Mwalimu Zaituni anakaa wapi?"

Maskini wa Mwalimu Zaituni. Mchana kweupe. Yeye amekaa nje kwenye kigoda chake anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, na majirani wawili pembeni yake.

Nilikuwa nyuma ya uzio nakanda unga. Nimesikia kila neno. Akawauliza maskini ni nani. Wakamweleza, kwa adabu zote, wawili kati yao nimewafundisha adabu hiyo mimi mwenyewe. Wakasema mwalimu ni mgonjwa, hafungi, kwa hiyo kila siku lazima alishe maskini, na wewe mama ndiye maskini wake, hata Sheikh amekuandika. Halafu mmoja akatoa simu akamwomba ashike katoni apigwe picha, waliochanga waone.

 Kisha nikamsikia, wala hakupandisha sauti: "Kumbe mimi nilikuwa nakula dawa ya mtu. Mimi nilidhani nakula ya rafiki."

Katoni hakuishika. Akawaambia wapeleke kwa mama mwenye mapacha kule mwisho wa ploti.

Na mimi? Sikutoka. Hatua sita tu hadi kwenye upenyo, na sikutoka. Nimeendelea kukanda unga mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Miaka thelathini na tano nimewaambia watoto, ukikosa simama useme nimekosa. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 17 Ramadhani

Asubuhi nimeikuta sahani juu ya ukingo wa upenyo. Imeoshwa. Imefutwa. Inang'aa.

Tupu.

Jumapili, 18 Ramadhani

Ameziba upenyo kwa gunia. Amelifunga kwa waya, kona zote nne. Gunia la mkaa, linanuka vumbi.

Nimeita hodi mara mbili. Alikuwa ndani, redio ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 19 Ramadhani

Sijapika. Sijampelekea mtu yeyote chochote tangu Ijumaa. Mikono haitaki. Dhambi juu ya dhambi.

Nimekula kwa sababu nimeamriwa kula. Chakula kama karatasi. Saa kumi kichwa kimezunguka kidogo nikashika meza, nikatazama gunia. Nikijiangukia leo, nani ataona moshi? Rehema yuko Bondo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikajilambisha sukari mwenyewe, nikakaa chini sakafuni nikalia. Kwa sauti. Labda amesikia, labda redio imenizidi.

Nampenda yule mwanamke. Sijawahi kumwambia. Mtu humwambiaje jirani maneno kama hayo?

Jumatano, 21 Ramadhani

Nimekwenda msikitini kumgombeza Sheikh Idi. Nilijitayarisha njia nzima. Nimefika barazani nikamkuta ameshajua, ameshawasema vijana, na ameona haya mpaka kofia anaivua na kuivaa. Akaomba radhi kabla sijafungua mdomo. Inaudhi mtu akiomba radhi mapema. Ghadhabu haina pa kwenda.

Basi nikamuuliza lililobaki. Siku kumi na tano nilizomlisha, je, zimehesabiwa? Akaniuliza swali la ajabu: sahani ilikuwa inarudi vipi?

Nikamtajia. Osuga. Mayai. Limau. Karanga. Siku moja omena kikombe kizima. Siku nyingine vijiti vinne vya kuni, vikavu, kwa sababu aliniona nahangaika na kuni mbichi.

Akacheka mpaka akajifunika uso. Kisha akasema, "Mwalimu, mtu anayekurudishia sahani imejaa si maskini wako. Huyo ni jirani yako." Akasema kama fidia inaweza kumwendea asiye Mwislamu, wanazuoni wana maneno marefu juu ya hilo, lakini sisi hata huko hatujafika. Mlikuwa mnapeana zawadi. Thawabu ya zawadi ipo, inshallah. Lakini fidia, Mwalimu, haijatoka. Bado iko shingoni mwako. Yote.

Yote! Siku kumi na tano na magoti haya! Nilitaka kumsimamisha kwenye kona kama zamani. Akanipoza: naweza kusubiri siku ya mwisho ya mwezi, niwalishe maskini thelathini kwa mpigo mmoja, pale pale uani msikitini. Wapo, anawajua: wajane, wazee, wasukuma mikokoteni.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Nimefika kwenye kinu cha posho nikasimama ghafla katikati ya njia, mwenye pikipiki akanipigia honi. Haijatoka! Hata sahani moja! Kwa hiyo hakula dawa ya mtu. Hajawahi kuila. Kila alichokula alikula cha rafiki, na si mimi ninayesema, ni Sheikh.

Nimecheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

Alhamisi, 22 Ramadhani

Nimekwenda. Nimezunguka kwa lango la mbele kama mgeni, nimevaa buibui jipya. Alikuwa kwenye kigoda. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama.

Nikaanza na la kwanza. Nikasema nimekosa, nilikuwa nyuma ya bati siku ile, nilisikia yote na sikutoka. Akasema, "Najua. Niliona miguu yako chini ya mabati." Akaendelea kuchambua mboga.

Nikasema la pili. Nikamwambia Mungu amekataa chakula changu.

Mkono ukasimama. "Amekataa?"

Amekataa.

"Yote?"

Yote. Siku kumi na tano. Sheikh amesema wewe hukuwahi kuwa maskini wangu, kwa sababu sahani zilirudi zimejaa. Nimefeli mtihani, Mama Akinyi. Sifuri.

Amenitazama. Nimeona shavu linacheza. Kisha "Yawa!" yake ya Kijaluo, na kicheko! Amecheka hadi mkongojo ukaanguka, hadi kuku akakimbia. "Mwalimu amepata sifuri! Pole sana! Mos! Na ile wali ilikuwa tamu hivyo, Mungu yenu anataka nini tena?" Nami nimecheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na buibui langu jipya.

Tulipotulia amesema kitu kingine, taratibu, bila kunitazama. Amesema njaa yenyewe ilikuwa ya kweli. Siku ile ya tatu ya mwezi alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Ndiyo maana alikasirika. Ingekuwa uongo angecheka tu.

"Ungeniambia tu, mwalimu."

Ungekubali?

Akafikiri. "Hapana."

Akaniuliza sasa nitafanya nini, nikamweleza juu ya watu thelathini. Akanitazama kwa huruma sana. Akasema mimi tangu nizaliwe sijapika cha zaidi ya watu sita na hata hicho huungua chini. Yeye amekaanga samaki wa barabara nzima miaka ishirini. "Sufuria kubwa niko nayo. Karai niko nayo. Wewe utakata vitunguu."

Jioni nimeona gunia limetoka. Waya zimekunjwa vizuri, zimewekwa kando. Hatupi kitu yule.

Jumanne, 27 Ramadhani

Mama Akinyi ameshika usukani wote. Anakaa kwenye kigoda uani kwangu, mguu mbovu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananituma. Nimekwenda sokoni Kibuye mara tatu. Mara ya kwanza mchele haukumpendeza, mara ya pili vitunguu vilikuwa na maji.

Tumebishana juu ya pilau. Haelewi mdalasini. "Kwa nini nyinyi mnapikia watu miti?" Nikamwambia wewe pika, miti niachie mimi. Haelewi mwezi pia. Anauliza siku ya mwisho ni lini, namwambia Alhamisi au Ijumaa, tutegemee kuandama kwa mwezi. Akaonyesha kalenda ya kanisa ukutani kwake. "Hii hapa, mwalimu, imeandikwa yote. Nyinyi mnangoja juu."

Amenikumbusha kula mara mbili leo. Saa saba akakataa kuendelea na kazi mpaka nile. Sikuingia chumbani. Nimekula palepale uani, mbele yake, pazia la nini.

Alhamisi, 29 Ramadhani

Mwezi haujaonekana. Mawingu juu ya ziwa, na redioni wametangaza hakuna popote. Kesho tunakamilisha thelathini, kesho tunapika.

Mama Akinyi amehesabu vidole, akashika kichwa. Kesho ni Ijumaa. Nyama haonji.

Ijumaa, 30 Ramadhani

Nimechoka vibaya. Nitaandika kidogo. Hapana, nitaandika yote.

Tulifika uani msikitini saa nane. Sheikh Idi mwenyewe alibeba sufuria. Mama Akinyi alikalia kigoda chake mbele ya jiko la mawe matatu, kitambaa kichwani, mwiko mrefu kama kasia. Akina mama wa msikitini walianza kwa kumtazama tu. Baada ya nusu saa walikuwa wanamwuliza niweke maji kiasi gani. Akawapangia kazi wote, na Kiswahili chake kile, na hakuna aliyethubutu kuchelewa.

Alimwona yule kijana wa simu. Akamwita. Nikashika roho. Akampa gunia la viazi amenye. "Na picha piga sasa, nikiwa na mwiko."

Kisha tukafika kwenye chumvi.

Pilau limejaa sufuria, watu thelathini wameshaanza kukaa kwenye mikeka, na hakuna anayejua kama chumvi imetosha. Akina mama wote wamefunga. Mtu anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi akatema, lakini saa moja kabla ya adhana siku ya mwisho hakuna aliyetaka kubahatisha saumu yake. Mama Akinyi naye ana Ijumaa yake ya Kwaresima, na pilau ni la nyama. Wote wakatazamana. Yeye hakutazama mtu. Alichota kwa mwiko, akapuliza, akaunyoosha kwangu.

"Mwalimu. Wewe ndiye tuko naye."

Mwezi mzima nimekula mafichoni. Leo nimekula katikati ya uani msikitini, jua halijazama, mbele ya Sheikh na wanafunzi wangu na wake za watu, wote wakisubiri mdomo wangu. Nimetafuna. Nimemeza. Machozi yalinitoka na nikasema ni moshi.

Chumvi imepungua, nikasema. Na mdalasini.

"Miti wacha," akasema. Chumvi akaongeza.

Walikula thelathini wakashiba. Yeye alipakua, kila sahani kwa mkono wake. Mzee mmoja wa mkokoteni alimshukuru akimwita mama wa msikiti, naye akamjibu yeye ni wa kanisani, lakini ongeza kidogo, umekonda. Sufuria iliisha hadi ukoko. Yeye tulimpikia maharagwe pembeni. Alikula nasi mkekani, adhana ilipoisha, mguu ameunyoosha.

Jumamosi, Idd

Nimeswali. Rehema amefika na zawadi, amepima sukari yangu kabla ya kunisalimia. Imetulia. Sasa amelala.

Nimepitisha sahani kwenye upenyo saa tatu, mahamri na kuku. Mikono ilikutana na mikono: yeye alikuwa anapitisha yake upande wa pili, saa ileile. Ngege wa kukaanga, samaki mkubwa wa ziwani, mkia umetoka nje. Wa kwanza kukaanga tangu avunjike. Amesema Jumatatu atajaribu kurudi barabarani, nusu siku, kigoda na karai, na mimi nitakuwa namwashia jiko asubuhi maana kuinama hawezi. Nimesema sawa.

Samaki tumemla hadi mifupa. Sahani yake nimeiosha, iko mezani hapa. Nje mvua imeanza, ndogo ndogo. Natazama kabati, natafuta cha kutia.